Ushahidi Mbele ya Kompaila

Mwaka 2024 mita za umeme za LUKU zilikaribia kuishiwa na muda, na wala hazikuwa zimechakaa. Kila tokeni ya umeme hubeba namba ya dakika iliyotengenezwa, dakika zikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Kikomo kiliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja waboreshe mita kabla ya siku hiyo, na ndiyo maana watu wa Kisiwani, huku Upare Kusini, sawa na wa Same mjini na wa Dar es Salaam, walinunua umeme wakapokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mmoja anasoma kwenye simu, mwingine anabonyeza ukutani. Mita ni ileile ya jana na programu iliyo ndani yake ni ileile. Kilichosogea ni dunia iliyoizunguka.

Wengi wetu tunaamini kwamba programu ikishafanya kazi itaendelea hivyo mpaka mtu aiharibu. Chuma kina kutu na mbao zina mchwa, lakini msimbo ni maandishi, na maandishi hayaozi. Imani hii ina mvuto, na kwa miaka mingi imewagharimu watu fedha nyingi. Deni kubwa zaidi la jamii ya lile la LUKU linaiva tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, pale kompyuta zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa namba ya biti 32 zitakapofika mwisho wa hesabu. Katika mfumo endeshi wa Linux kazi ya kulilipa deni hilo iliongozwa na Arnd Bergmann, ikachukua miaka, na kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, ya toleo la 5.6, mwaka 2020, ndiyo ya kwanza ambayo mashine ya biti 32 inaweza kuvukia siku hiyo.

Bergmann namtaja kwa sababu nyingine pia. Ukiisoma historia ya kerneli utamkuta tena na tena katika kazi isiyo na tarehe ya mwisho wala tangazo redioni. Anaijenga kerneli kwa kompaila za matoleo mengi, kwa mipangilio iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, anasoma maonyo yanayotoka, kisha anarekebisha mstari huu na ule. LUKU ilijulikana siku yake miaka thelathini kabla. Uzee ninaotaka kuuzungumzia hapa haujulikani siku, kwa sababu unategemea msomaji mwingine kabisa, naye ni kompaila.

Kompaila ni programu inayosoma alichoandika mtu na kukigeuza kuwa maagizo ya mashine. Simu nyingi zilizo mikononi mwa watu huku chini ya milima ya Upare Kusini, ya mchungaji anayepakana na Hifadhi ya Mkomazi na ya mfanyabiashara wa mchele anayetoka Ndungu, ni za Android, na chini ya Android kuna Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo karibu yote imeandikwa kwa lugha ya C. Ada ya shule ikitumwa kwa simu kutoka Kisiwani hadi Moshi, inapita juu ya mamilioni ya mistari hiyo. Kwa miaka zaidi ya ishirini mistari hiyo ilikuwa na msomaji mmoja tu wa kweli, kompaila iitwayo GCC, na kama ilivyo kwa wanaozoeana, mambo mengi yakawa yanaeleweka bila kusemwa. Njia za mkato za GCC zilizokuwa nje ya sheria rasmi ya C zikageuka kuwa desturi. Kisha akaja msomaji wa pili, Clang. Baadhi ya desturi hizo alizikataa waziwazi, nyingine alizitafsiri vingine, na watu wakatumia miaka kadhaa kuandika upya yale waliyodhani yameshaandikwa vizuri. Mwaka 2017 Google ilitoa simu ya Pixel 2 ikiwa na kerneli iliyojengwa kwa Clang, na tangu hapo hakuna aliyeweza tena kudai kwamba msomaji ni mmoja.

Kabla ya hapo, mwaka 2003, Torvalds mwenyewe alikuwa ameandika chombo kidogo cha kukagua msimbo bila kuuendesha, akakiita Sparse. Tatizo alilolikusudia ni la kuaminiana. Kielekezi ni anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kuna anwani ambazo kerneli imejitengenezea, na kuna zile inazopewa na programu za kawaida, na hizi za pili haziaminiki, kwa sababu programu inaweza kudanganya na kutoa anwani ya chumba kisicho chake. Machoni pa lugha ya C zote zinafanana. Basi kila kielekezi kinachotoka nje kikapewa alama, __user, na Sparse ikapewa kazi ya kupiga kelele kila mtu anapokitumia kana kwamba ni cha ndani. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba alama hiyo haibadilishi agizo lolote la mashine. Kerneli yenye alama na kerneli isiyo nazo zikiwashwa, simu haioni tofauti. Ni neno ambalo mtu ameliandika kwa ajili ya kukaguliwa tu.

Watanzania wana utani juu yetu Wapare, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili agharamie kesi ya mbuzi. Siuonei haya. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka milimani hadi Same kugomea mbiru, kodi ya makadirio. Walichokataa hasa ni kukadiriwa kwa kipimo ambacho hawakuelezwa wakakielewa. Aliyekulia kwenye masimulizi ya namna hiyo haoni ugumu kuelewa alama za kerneli. Ni ushahidi. Mwandishi anasimama na kusema, kielekezi hiki kimetoka nje, kufuli hili nimelishika kabla ya kuingia hapa, namba hii imepangwa kwa utaratibu wa mtandao, wala si kwa ule wa mashine. Hakimu wake hamjui mtu sura wala ukoo, hachoki, na husikiliza kesi nzima upya kila msimbo unapojengwa. Kuna hata alama ya kiapo, __force, ambayo maana yake ni kwamba najua kanuni inasema vingine, lakini nachukua dhamana. Aliyeiandika kwa uongo hatashtakiwa na Sparse. Atamwachia mzigo mtu mwingine, miaka mitano baadaye, ambaye ataamini kile kiapo.

Kwa hiyo siwaelewi wanaosema alama hizi ni urembo tu, au kwamba zinachafua msimbo. Zinachafua kweli, msimbo uliojaa alama hausomeki kwa raha. Lakini badala yake tungekuwa na nini? Maelezo ya pembeni, yale ambayo mwandishi humwachia binadamu mwenzake na ambayo kompaila huyaruka. Na maelezo ya pembeni hudumu hata baada ya kuacha kuwa kweli.

Mfano mzuri wa jambo hili ni jinsi C inavyochagua njia. Ukiandika kwamba hali ikiwa ya kwanza fanya hili, ikiwa ya pili fanya lile, basi ukisahau kuweka neno la kukomesha mwishoni mwa njia ya kwanza, mashine huendelea kutiririka hadi ya pili. Mara nyingine hilo ndilo linalotakiwa. Mara nyingine ni usahaulifu. Ukiangalia kwa macho huwezi kutofautisha, maana kukosekana kwa kitu hakuna sura. Kwa miongo kadhaa waandishi waungwana waliweka maelezo ya pembeni kusema kwamba wameacha kwa makusudi, na wasio waungwana hawakuweka. GCC 7, mwaka 2017, ilianza kuonya juu ya jambo hili, na ili isiwaudhi watu ilijifunza kuyasoma yale maelezo ya pembeni. Clang ilikataa kusoma kisichokuwa sehemu ya lugha, na kwa maoni yangu ilikuwa na haki. Kerneli ikalazimika kutengeneza tamko rasmi, na Gustavo A. R. Silva pamoja na wenzake wakapita sehemu kwa sehemu, maelfu ya mahali, wakiuliza swali moja kila mara: huyu alikusudia au alisahau? Kazi hiyo ilikula miaka. Baadhi ya mahali walikopita walikuta kweli ni usahaulifu, kosa hai lililokaa miaka mingi likisubiri hali itakayoliamsha.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo na kuisifu mashine. Lakini kompaila nayo ina ujanja wake. Julai 2009 mtafiti wa usalama Brad Spengler alionyesha hadharani jinsi ya kuiteka kerneli ya Linux kupitia sehemu iitwayo TUN, inayotumiwa na mitandao binafsi ya intaneti. Msimbo wenyewe ulikuwa na mistari miwili ya kawaida kabisa. Wa kwanza ulichukua kitu kutoka ndani ya kielekezi. Wa pili uliuliza kama kielekezi hicho ni tupu, na kama ni tupu ukakatiza safari. Mtu akisoma ataona kuna ulinzi, ingawa umechelewa mstari mmoja. GCC ilisoma vingine. Sheria ya C haikutoa hukumu yoyote juu ya kutumia kielekezi tupu, hivyo kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba mwandishi hafanyi hivyo kamwe. Kama mstari wa kwanza umekwisha kukitumia, basi hakiwezi kuwa tupu, na swali la mstari wa pili halina kazi. Ikalifuta. Katika msimbo ulinzi ulikuwepo, katika mashine haukuwepo, na aliyeweza kuipa kerneli kielekezi tupu alipata njia ya kuitawala kompyuta nzima. Marekebisho yalikuwa kupanga mistari upya, na kuongeza katika ujenzi wa kerneli amri inayoikataza GCC kufuta maswali ya aina hiyo. Amri hiyo nayo ni alama, kubwa kuliko zote, inayosema kwamba humu ndani hatuishi kwa dhana zako.

Kinyume cha ujanja wa mashine ni uvivu wa binadamu, au tuseme hamu ya ukimya. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, alisumbuliwa na chombo cha ukaguzi kilichosema kwamba maktaba ya usimbaji fiche ya OpenSSL inasoma kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Onyo lilikuwa sahihi. Alifuta mistari miwili, kelele zikaisha. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya vyanzo vya bahati nasibu ambavyo funguo za siri hutengenezwa kwavyo. Kilichobaki ni namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka miwili, seva za Debian na Ubuntu duniani kote zilitengeneza funguo ambazo mtu mwenye orodha ndogo angeweza kuzibahatisha zote mchana mmoja. Luciano Bello aliligundua jambo hilo, likatangazwa Mei 2008. Siisimulii habari hii ili kumsimanga mtu aliyefuta. Alichofanya hufanyika kila siku katika ofisi za programu, kuanzia California hadi Kijitonyama: onyo linachukuliwa kama uchafu wa kufagia, na anayelinyamazisha anasifiwa kwa kuacha nyumba safi. Swali ambalo wale waliopita na Silva waliuliza maelfu ya mara halikuulizwa hata mara moja.

Basi tufike Aprili 2025, ambapo mambo haya yote yalikutana siku za Pasaka.

Katika C, maneno huandikwa herufi kwa herufi na mwisho wake huwekwa baiti ya sifuri, ili msomaji ajue pa kusimama. Lakini kerneli ina maneno ambayo si maneno. Majedwali ya ACPI, ambayo kwayo kompyuta huueleza mfumo endeshi vifaa ilivyo navyo, hutambulishwa kwa herufi nne kamili, mathalani DSDT, na nafasi iliyotengwa ni baiti nne tu. Sifuri haina pa kukaa, wala haihitajiki. GCC 15, iliyokuwa inatoka mwezi huo, ilianza kuonya kila inapokuta sifuri imeachwa nje namna hiyo. Ni onyo zuri. Sifuri iliyosahaulika imewahi kufungulia wezi milango mingi. Dawa yake ni alama nyingine, __nonstring, inayosema kwamba hizi ni baiti tu na asije mtu akazisoma kama neno. Kees Cook, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiisukuma kerneli kuelekea usalama, alikwisha kuandaa marekebisho, na yalikuwa katika mti wa majaribio, nakala ya msimbo inayopimwa kabla ya kuingia katika mti mkuu, yakingoja zamu.

Torvalds hakungoja. Alihamia mfumo wa Fedora 42, uliokuja na GCC 15, siku moja kabla ya kutoa toleo la majaribio la tatu la 6.15. Ujenzi ukamwangukia kwa maonyo yaliyohesabiwa kama makosa, akaweka alama kwa mkono wake, akatoa toleo Jumapili ya Pasaka, tarehe 20. Kwake lilijengeka. Kwa waliokuwa bado na GCC 14 na za chini yake lilikataa, kwa sababu kompaila hizo ziliifahamu alama yenyewe lakini hazikuwa tayari kuipokea juu ya safu iliyo ndani ya safu nyingine. Cook alilalamika hadharani, na alikuwa na hoja. Torvalds alijitetea, naye hakukosa lake la kusema, kwamba marekebisho yaliyokaa mahali pengine hayamsaidii mtu ambaye mti mkuu umemkatalia kujengeka. Ikabidi iandikwe namna ya kuuliza kwanza kama kompaila iliyopo inaimudu alama hiyo mahali hapo, na kama haiimudu alama igeuke kuwa tupu.

Katika ugomvi huo mfupi naona ugumu wote wa kazi hii. Wakati ule kerneli ilikuwa bado inaahidi kujengeka kwa GCC 5.1, ya Aprili 2015, na palepale kwa GCC 15, ya Aprili 2025. Ushahidi uleule utolewe mbele ya mahakimu wa miaka kumi, kila mmoja na lugha aliyoizoea, na wote waridhike. Neno linalomtuliza wa leo linamchukiza wa juzi. Ukiwasikiliza wa zamani tu, hutafaidi macho makali ya wapya. Ukiwafuata wapya tu, unawafungia nje watu ambao mashine zao hazibadilishwi kila mwaka. Miezi michache baadaye, katika toleo la 6.16, Bergmann alipandisha kizingiti hadi GCC 8.1, na vizuizi kadhaa vilivyokuwepo kwa ajili ya kompaila za kale vikafutwa. Kufuta nako ni kutunza, ingawa sijaona mtu akipewa medali kwa kufuta.

Kiswahili chenyewe kimewahi kukaa katika nafasi hii ya kutunzwa kwa alama. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea na mtumiaji kwa Kiswahili. Tafsiri za programu huria hutunzwa mara nyingi kwa mafaili ambayo kila sentensi ya Kiingereza imewekwa juu ya mwenzake wa lugha nyingine, na sentensi ya juu ikibadilishwa, vyombo vingi huiacha ya chini ilivyokuwa ila huipachika alama ya shaka. Tafsiri yenye shaka haionyeshwi. Mtumiaji hukutana na Kiingereza mpaka mtu anayejua lugha zote mbili aisome na kuondoa alama kwa mkono wake. Nimewasikia wapenzi wa Kiswahili wakiona ni dharau. Mimi naona ni heshima: afadhali kitufe kiseme kweli kwa Kiingereza kuliko kumfutia mama wa watu faili lake kwa Kiswahili fasaha.

Hasara ya kutotunza inatuangukia zaidi sisi wa mwisho wa barabara. Septemba 2023, katika mkutano huko Bilbao, Hispania, Jonathan Corbet, mhariri wa habari za Linux, alieleza kwamba matoleo ya kerneli ya muda mrefu, yaliyokuwa yakitunzwa miaka sita, yatarudishwa kwenye miaka miwili, kwa sababu watunzaji wamechoka na wachache wanayatumia. Lakini simu iliyotumika ikija kutoka Dubai, ikauzwa Kariakoo, ikafika Same na kuendelea na daladala ya Kisiwani, huwa ndiyo kwanza inaanza maisha yake ya pili. Kerneli yake ilijengwa kwa kompaila ambayo wahandisi wa kiwandani wameshaiondoa kwenye mashine zao. Kosa la usalama likigunduliwa leo, marekebisho yake yameandikwa kwa msimbo wa leo, wenye alama za leo. Anayetaka kuyarudisha nyuma atakutana kwanza na mvua ya maonyo kutoka kwa kompaila mpya, na ndani ya mvua hiyo atatakiwa kubagua onyo linalohusu hatari kutoka kwa lile linalohusu uzee tu. Kwa simu ya bei ndogo hakuna atakayelipwa kufanya hivyo.

Vijana wa Same na Moshi wanaosoma kompyuta huniuliza pa kuanzia, na wengi wanatarajia niwatajie lugha mpya. Mimi huwaambia wachukue kerneli, ambayo ni bure na kompyuta ya mtumba yenye subira inaijenga usiku kucha, waijenge kwa kompaila mpya kuliko ile iliyozoeleka, wachague onyo moja na kufuatilia limetoka wapi. Mstari wa kurekebisha utakuwa mmoja au miwili. Barua inayoambatana nao ndiyo ngumu. Inatakiwa iseme onyo linasemaje, limeletwa na kompaila ya toleo gani, kwa nini msimbo uliandikwa hivyo tangu mwanzo, na kwa nini alama inayowekwa ni kweli. Tangu mwaka 2004, kipindi ambacho kampuni ya SCO ilikuwa mahakamani ikidai Linux imebeba mali yake, kila badiliko hufungwa kwa mstari wa sahihi wenye jina la mletaji, chini yake jina la kila mtunzaji aliyelipitisha. Barua zenye sababu moja tu, kwamba onyo sasa limenyamaza, watunzaji makini huzirudisha kwa mwenyewe na swali lao, hata kama mstari wenyewe uko sawa.